Mechi Waliyoidhani Haina Maana: Uchambuzi wa Kisa cha Timu ya Taifa ya Tenisi ya Wakongwe

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu timu ya taifa ya tenisi ya wanaume wenye umri wa miaka 60 na zaidi, kutoka nchi moja ya Afrika Mashariki, iliyokwenda Ulaya kushiriki mashindano ya dunia ya timu za wakongwe na kushika mkia katika kundi lake kwa tofauti ya gemu chache (vipande vidogo vya mechi; atanguliaye kupata sita, kwa tofauti ya mbili, huchukua seti, na seti mbili huleta ushindi) ambazo haikufungwa na mtu, bali ilizitoa yenyewe bila kuzicheza. Nilisafiri na timu hiyo kama mkufunzi, ingawa kwa siku nyingi kazi yangu ilikuwa kubeba maji, kuandika matokeo kwenye daftari na kutafuta duka la kukaza nyuzi za raketi. Nchi, mji, mwaka na majina nimeviondoa. Wachezaji nitawaita Mwalimu, Mhasibu, Nahodha na Mzee, na timu tulizopangwa nazo nitaziita Timu Kinara, Timu B na Timu C. Hesabu za gemu nimeziacha kama zilivyo kwenye daftari langu, kwa sababu bila hizo kisa chenyewe hakieleweki.

Usuli

Mashindano ya wakongwe yanayosimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, hupangwa kwa makundi ya umri yanayoanzia miaka 30 na kupanda kwa miaka mitano mitano, na mchezaji huhesabiwa kwa umri atakaoutimiza kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka husika. Upande wa timu, kila umri una kombe lake lenye jina. La kwanza kuanzishwa lilikuwa Kombe la Dubler, la wanaume wa miaka 45, mwaka 1958. La miaka 60 linaitwa Kombe la Von Cramm, kwa heshima ya Gottfried von Cramm, Mjerumani aliyetwaa ubingwa wa Ufaransa mwaka 1934 na 1936 lakini akapoteza fainali tatu za Wimbledon mfululizo kuanzia 1935 hadi 1937. Wachezaji wetu waliipenda sana habari ya hizo fainali tatu. Ilikuwa faraja kujua kwamba kombe lenyewe limepewa jina la mtu aliyezoea kushindwa kwa heshima.

Pambano kati ya nchi mbili lina mechi tatu. Huanza mechi ya mmoja mmoja kati ya wachezaji wa pili wa kila upande, hufuata ya wachezaji wa kwanza, kisha humaliziwa na mechi ya wawili wawili, na nahodha hutaja wachezaji wake wa mechi hiyo ya mwisho baada ya zile mbili kwisha. Mwaka huo kulikuwa na timu 16 katika makundi manne. Vinara wanne wa makundi waliendelea kuwania ubingwa, washindi wa pili wakacheza kuwania nafasi ya 5 hadi ya 8, wa tatu nafasi ya 9 hadi ya 12, na walioshika mkia nafasi ya 13 hadi ya 16. Hakuna timu iliyofungasha virago katikati ya juma: kila moja ilicheza hadi siku ya mwisho na kurudi nyumbani na namba yake.

Timu yetu ilikuwa na watu wanne. Mwalimu, mstaafu aliyekuwa ametimiza 60 mwaka huohuo, alikuwa bingwa wa klabu yake na mpigaji wa mipira ya nguvu iliyonyooka. Mhasibu, mwenye 62, alikuwa wa aina ile ambayo wapinzani huichukia, yaani mtu asiyekupiga mpira wa kukushangaza hata mmoja lakini anayeurudisha kila unaomfikia mpaka ukosee mwenyewe. Nahodha, mwenye 63 na anayecheza kwa mkono wa kushoto, alikuwa hodari wa mchezo wa wawili wawili, na alichaguliwa kuwa nahodha kwa sababu rahisi kwamba hakukuwa na fedha za kumpeleka nahodha asiyecheza. Mzee alikuwa na miaka 68. Angeweza kucheza katika umri wa 65 kama nchi ingekuwa na timu huko, lakini haikuwa nayo, na yeye ndiye aliyefuatilia barua ya uteuzi kwenye chama cha tenisi, aliyepitisha kapu kwa marafiki wa klabu, na aliyemkopesha Mhasibu sehemu ya nauli. Kila asubuhi sote tulimpa shikamoo kabla ya jambo lolote. Naitaja shikamoo hiyo kwa makusudi, kwa kuwa imo ndani ya uamuzi nitakaoueleza.

Maandalizi

Yako mambo mawili ya maandalizi yanayostahili kuelezwa, moja tulilolifanya vizuri na moja tulilolikosea.

Tulilofanya vizuri ni la dawa. Mtu wa miaka 60 anayecheza kwa ushindani mara nyingi ana kidonge anachomeza kila asubuhi, na dawa nyingi za shinikizo la damu zinazotumika kwetu zimechanganywa na dawa ya kuongeza mkojo, kama haidroklorothiazidi. Dawa za namna hiyo zimo katika orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, ya vitu vilivyokatazwa wakati wote na katika michezo yote, kwa sababu zinaweza kuficha dawa nyingine kwenye mkojo. Mzee alikuwa akizitumia kwa miaka mingi, na kama wengi wa rika lake aliamini kwamba habari za dawa zilizokatazwa michezoni zinawahusu vijana wenye misuli. Nilipomwomba kila mchezaji aniletee maboksi ya dawa zake, mwezi mmoja na nusu kabla ya safari, ndipo tulipoliona neno hilo likiwa limechapishwa kwa herufi ndogo chini ya jina la kibiashara. Kwa kawaida mchezaji anayehitaji dawa iliyokatazwa huomba kibali maalumu cha matibabu, lakini daktari wake aliona kwamba kwa hali yake amlodipini, dawa ya shinikizo la damu isiyokatazwa, ingemtosha, akambadilishia na kumfuatilia kwa majuma kadhaa. Hatukupimwa na mtu yeyote Ulaya. Hata hivyo, mtu aliyevaa bendera kifuani hawezi kujitetea kwamba hakusoma boksi la dawa yake.

Tulilolikosea ni la mwinuko. Wachezaji wote wanne wanaishi na kufanya mazoezi katika jiji lililo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, mpira hukutana na upinzani mdogo angani na kwenda mbali, na kwa sababu hiyo kanuni za tenisi zinaruhusu mipira ya aina maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Mchezaji wa nyanda za juu hujifunza, hata bila kuambiwa, kukaza nyuzi za raketi sana ili mpira usimtoroke. Akishuka pwani na raketi hiyohiyo, mpira uleule unaanguka mfupi. Nilipendekeza kambi ya siku nne kwenye klabu moja ya pwani kabla ya kuondoka. Timu ikaona kwamba fedha hizo ni bora ziongezwe kwenye malazi ya Ulaya, nami sikushikilia. Tulitua kwenye mji wa mashindano, ulio ufukweni kabisa, jioni ya siku moja kabla ya sherehe ya ufunguzi, tukapata kiwanja cha mazoezi kwa saa moja tu.

Siku ya kwanza

Tulianza na Timu Kinara, timu ya Ulaya ambayo kila mtu alijua itaongoza kundi. Mhasibu alipoteza 2–6, 3–6 katika mechi iliyochukua karibu saa mbili, maana alikuwa akirudisha kila kitu na mwenzake naye alikuwa akirudisha kila kitu. Mwalimu akapoteza 1–6, 2–6. Mipira yake, ambayo nyumbani humfanya mpinzani arudi nyuma hatua mbili, ilikuwa ikifika upande wa pili kana kwamba imechoka njiani. Udongo mwekundu wenye unyevu wa bahari uliinyonya kasi iliyobaki, na mpinzani aliisubiri kwa raha. Katikati ya seti ya pili alishika kigimbi cha mguu wa kulia na kuanza kuchechemea.

Ilikuwa saa saba mchana na jua kali. Tulikuwa nyuma 0–2, pambano limekwisha kupotea, na meza ya waamuzi ilitaka majina ya wachezaji wawili wa mechi ya mwisho.

Uamuzi na sababu zake

Nahodha alinivuta kando, chini ya msonobari uliokuwa nyuma ya kiwanja. Maneno yake niliyaandika jioni ileile. "Kocha, hili tumeshalipoteza. Mwalimu ana kigimbi, na Mhasibu amelowa kama aliyetoka kisimani. Nikimwingiza Mzee, hawa watamkimbiza huku na huku mpaka aibu itupate sote. Tuwaachie, tujitunze kwa kesho."

Sababu zake zilikuwa tatu, nami nilizikubali zote bila kuzipima. Kwanza, aliamini kwamba mechi ya tatu katika pambano lililokwisha amuliwa haina thamani. Pili, mechi aliyoiona kuwa ndiyo yetu ilikuwa ya kesho yake, dhidi ya Timu B, na alitaka miguu ipumzike. Tatu, na hili ndilo hakulisema kwa sauti kubwa, alimwonea Mzee haya. Kumtupa mtu wa miaka 68, ambaye ndiye aliyetufikisha pale, mbele ya Wazungu walio fiti wa miaka 60, machoni pa watu walioketi wakila aiskrimu, kulionekana kuwa ni kumvunjia heshima.

Nahodha akatia saini. Timu Kinara wakapewa ushindi wa mezani. Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi akifunga kamba za viatu, na mpini wa raketi yake alikuwa ameshauviringishia mkanda mpya. Alipoona Nahodha anarudi bila kuita mtu, alizifungua kamba zile polepole, moja baada ya nyingine, akavitia viatu kwenye mfuko wake na kutuuliza kama tumeshakula.

Siku ya pili na ya tatu

Siku ya pili ilitupa picha nzuri. Mhasibu alimfunga mchezaji wa pili wa Timu B 6–3, 6–4. Mwalimu, akiwa na kigimbi kilichofungwa bandeji, alipoteza 3–6, 4–6. Nahodha na Mwalimu wakashinda mechi ya wawili wawili 6–4, 4–6 na 10–7 katika taibreki ndefu ya pointi 10, ambayo kwa kanuni za mashindano yale ilichezwa badala ya seti ya tatu. Tukashinda pambano 2–1, tukapiga picha na bendera, na jioni Mzee akanunua samaki kwa ajili yetu sote.

Siku ya tatu tulikutana na Timu C, tukijua kwamba ushindi ungetupa nafasi ya pili ya kundi moja kwa moja. Mhasibu akafanya kazi yake tena, 6–4, 6–3. Mwalimu akapoteza tena, 2–6, 4–6, ingawa sasa nilikuwa nimempunguzia kilo mbili kwenye mkazo wa nyuzi na seti yake ya pili ilionyesha mabadiliko. Kila kitu kikabaki mikononi mwa wawili wawili.

Nahodha na Mwalimu walichukua seti ya kwanza 6–3 na kufika 5–4 katika ya pili, Mwalimu akianzisha, pointi zikiwa 30–30. Walikuwa pointi mbili tu kutoka kwenye ushindi. Mpinzani akapiga mpira wa juu uliompita Nahodha wavuni na kuangukia karibu kabisa na mstari wa nyuma. Nahodha aligeuka akiwa bado anakimbia na kupaza sauti kwamba umetoka. Hakukuwa na mwamuzi wa kiti. Katika mashindano haya kila upande huamua mipira ya upande wake, na mwamuzi anayezunguka huitwa kukiwa na ubishi. Kwenye udongo mpira huacha alama, na mpinzani ana haki ya kuomba aonyeshwe. Wakatembea wote wanne hadi kwenye mstari. Alama ilikuwa pale, duara lililobonyea kidogo kama kitufe cha shati, na ukingo wake ulikuwa umegusa rangi nyeupe.

Nahodha akanyoosha kidole na kusema kwa uungwana, "Basi tucheze tena." Ndivyo tunavyofanya klabuni kwetu: mkibishana, pointi hurudiwa. Mwamuzi alipofika akaeleza kwamba anayeita mpira kuwa umetoka, kisha alama ikaonyesha umeingia, anapoteza pointi. Ikawa 30–40. Pointi iliyofuata Mwalimu alikosea mara mbili kuanzisha, na gemu ikapotea: 5–5. Seti ikaisha 5–7, na taibreki ndefu tukapoteza 8–10.

Kuna jambo dogo hapa ambalo wengi hawakuliona. Katika mashindano ya timu, nahodha aliyeketi kiwanjani anaruhusiwa kuwashauri wachezaji wanapobadilishana upande. Nahodha wetu alikuwa anacheza. Hatukuwa tumeuliza kwa mwamuzi mkuu kama mwingine angeweza kukaimu kiti chake, hivyo benchi letu lilikuwa na taulo mbili na chupa za maji tu. Katika mapumziko ya sekunde 90 ya kubadilishana upande yaliyofuata, watu wawili waliokuwa wameinamisha vichwa waliketi pale bila mtu wa kuwaambia kwamba wako nyuma kwa gemu moja tu, 5–6.

Hesabu za kundi

Siku hiyohiyo Timu Kinara waliifunga Timu B 3–0. Timu B walikuwa wamewashinda Timu C siku ya kwanza. Kwa hiyo timu tatu zikawa na ushindi mmoja mmoja, kila moja ikiwa imemfunga mmoja na kufungwa na mwingine. Zikahesabiwa mechi: kila timu ilikuwa na tatu kati ya tisa. Zikahesabiwa seti: kila timu ilikuwa na saba kati ya 20. Ndipo ikabidi kuhesabiwa asilimia ya gemu, na taibreki ndefu ikahesabiwa kuwa gemu moja.

Aliyeona kwanza kilichotokea ni Mhasibu, aliyekuwa amesimama mbele ya ubao wa matokeo na kalamu, huku midomo yake ikisogea kimyakimya. Timu B walikuwa wameshinda gemu 75 kati ya 171, sawa na asilimia 43.9. Timu C gemu 74 kati ya 170, asilimia 43.5. Sisi tulikuwa na 67 kati ya 162, asilimia 41.4. Katika hizo 95 tulizopoteza, 12 zilikuwa za mechi ambayo hatukuicheza, kwa kuwa ushindi wa mezani ulikuwa umeandikwa 6–0, 6–0.

Tukakaa naye mezani tukapiga hesabu upya. Kama tungecheza mechi ile na kufungwa 4–6, 4–6, yaani kupata gemu nane tu na kupoteza seti zote mbili, tungekuwa na 75 kati ya 170, asilimia 44.1, na tungeshika nafasi ya pili. Gemu saba zingetufanya wa tatu. Tulikuwa wa nne. Na jambo lililouma zaidi lilikuwa kwenye karatasi ya mapambano mengine ya kundi: Timu Kinara, baada ya kuongoza 2–0, walikuwa wakimpumzisha mchezaji wao bora na kumwingiza mtu wao wa nne katika wawili wawili. Timu B walifungwa mechi hiyo 4–6, 4–6, wakapata zile gemu nane. Timu tuliyoifunga siku ya pili ikaenda kuwania nafasi ya 5, nasi tukaenda kuwania nafasi ya 13.

Siku mbili za mwisho

Usiku ule Nahodha alimwomba Mzee radhi mbele yetu. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akajibu, "Mwanangu, mimi nilikuja kucheza, sikuja kutalii. Ukitaka kuniheshimu, niite."

Akamwita. Katika mapambano mawili ya mwisho Mzee alicheza wawili wawili pamoja na Nahodha, Mwalimu akaupumzisha mguu baada ya mechi zake za mmoja mmoja, nasi tukashinda yote mawili na kumaliza wa 13 kati ya 16. Mzee hakuwa na mbio, lakini mipira yake ya juu ilikuwa na urefu ule ambao mtu huupata kwa miaka 40 ya kuipiga, na mara kadhaa aliudondosha mpira nyuma ya wavu tu kwa upole hadi mpinzani akasimama na kucheka. Alibanwa na misuli mara moja, akanyoosha mguu wakati wa kubadilishana upande, akaendelea.

Uchambuzi

Kosa la siku ya kwanza ni rahisi kulilaumu kwa kuwa tunajua lilikoishia, kwa hiyo ni haki kuanza na lile ambalo Nahodha angeweza kulijua saa saba mchana ile. Hakuweza kujua kwamba timu tatu zingelingana mechi kwa mechi na seti kwa seti. Aliweza kujua, kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwenye kanuni tulizopewa kwenye mkutano wa manahodha, kwamba timu zikilingana huhesabiwa mechi, kisha seti, kisha gemu, na kwamba mechi iliyotolewa huhesabiwa kuwa imepotezwa bila gemu hata moja. Kijitabu kile kilikuwa kwenye mfuko wangu. Nilikuwa nimesoma ratiba, muda wa usafiri wa basi na kanuni za mavazi. Ukurasa wa kulingana kwa timu niliuruka, kwa kudhani kwamba unazihusu timu zinazowania ubingwa. Katika mfumo ambao kila nafasi hadi ya 16 inachezewa, ukurasa huo unawahusu zaidi wa katikati na wa chini, maana vinara kwa kawaida hushinda wazi.

Hoja ya kupumzisha miguu ilikuwa na uzito, lakini haikuhitaji kuitoa mechi. Mwalimu hakupaswa kucheza kabisa akiwa na kigimbi kile, na hilo sina ubishi nalo. Mhasibu alikuwa amechoka kweli. Walibaki Nahodha mwenyewe, ambaye hakuwa amegusa raketi siku hiyo, na Mzee, ambaye alikuwa mzima na viatu viko mguuni. Mechi ya hao wawili isingegharimu chochote kwa pambano la kesho yake. Kwa hiyo sababu ya kweli ilikuwa ya tatu, ile ya haya, na hapo ndipo kisa hiki kinapotofautiana na visa vya timu za vijana. Katika timu ya kijana wa miaka 20 na mwenzake wa miaka 22, nahodha huuliza nani ana nguvu. Katika timu ya wakongwe wa kwetu, umri unabeba adabu zake hadi ndani ya mistari ya kiwanja, na Nahodha alimlinda mkubwa wake dhidi ya jambo ambalo mkubwa mwenyewe alikuwa amelipia nauli kulifuata. Lililokosekana lilikuwa swali moja la adabu: "Mzee, unaonaje?" Si Nahodha aliyeliuliza wala mimi, ingawa mimi nilikuwa mdogo kuliko wote na ningeweza kujificha nyuma ya udogo wangu.

Nahodha anayecheza ni tatizo la fedha kabla ya kuwa tatizo la kiufundi. Timu nyingi za wakongwe zinajilipia wenyewe, na ni vigumu kumlipia nauli mtu wa tano wa kukaa kwenye benchi. Lakini mimi nilikuwapo tayari. Ombi la kunikaimisha lingechukua dakika mbili mezani kwa mwamuzi mkuu, na hata kama lingekataliwa, Mhasibu au Mzee angeweza kuombewa badala yangu. Siwezi kudai kwamba sauti kutoka benchini ingeokoa seti ile ya 5–7. Naweza kusema kwamba Mwalimu alikosea mara mbili kuanzisha mara tu baada ya ubishi wa alama, na kwamba mchezaji aliyevurugika mara nyingi hutulia akiambiwa jambo moja dogo la kufanya, kama vile aanzishe mpira katikati na kwa mzunguko zaidi.

Ubishi wenyewe wa alama ulitokana na mazoea. Pointi ya kurudiwa ni desturi nzuri ya klabu, inatunza urafiki, lakini inamfundisha mchezaji kwamba kuita mpira wa mashaka kuwa umetoka hakuna gharama. Kwenye mashindano haya gharama ni pointi nzima, na mpira wenye shaka ni wa mpinzani. Tangu tuliporudi, viwanja viwili vya klabu yetu huchezwa kwa kanuni hiyo kila Jumamosi, na malalamiko yamekuwa mengi kuliko nilivyotarajia.

Kuhusu mwinuko, Mwalimu alipoteza mechi zote tatu za kundi, na sitaki kuitupia hewa lawama yote, kwa kuwa wachezaji wa kwanza wa timu nyingine walikuwa bora. Lakini kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kwa kulegeza nyuzi peke yake, gemu zake zilipanda kutoka tatu hadi sita. Kambi ya siku nne pwani ingetugharimu nauli ya basi na vyumba vya klabu, na marekebisho hayo angeyafanya kabla ya kuondoka badala ya kuyafanya katikati ya mashindano. Mhasibu, ambaye mchezo wake hautegemei kasi, hakuathirika kwa kiasi kikubwa, na kumweka namba mbili kulikuwa uamuzi bora kuliko yote tuliyoyafanya: alishinda mechi mbili kati ya tatu za kundi. Kulikuwa na shinikizo nyumbani la kumweka namba moja kwa sababu alikuwa mwanachama wa muda mrefu kuliko Mwalimu. Nahodha alipanga kwa uwezo na akaeleza sababu zake mapema, kabla ya safari, mbele ya wote. Ajabu ni kwamba mtu yuleyule aliyeweza kusimama imara mbele ya heshima za klabu alishindwa kusimama mbele ya shikamoo moja.

Ripoti yetu kwa chama ilikuwa na kurasa nne, na karibu nusu yake ilikuwa jedwali la gemu lililoandaliwa na Mhasibu. Ombi la kwanza lilikuwa nahodha asiyecheza. Nahodha alijiondoa mwenyewe katika orodha ya wachezaji ili abaki benchini, na nafasi yake akapewa mkongwe mwingine wa mkono wa kushoto kutoka klabu ya pwani. Kwenye fomu ya uteuzi ya mwaka uliofuata, mstari wa nne una jina la Mzee, lililoandikwa kwa mkono wake mwenyewe.